Upepo wa Kwenda na Upepo wa Kurudi

Daktari wa zamu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa huku ananawa mikono, mgongo kaugeuzia mlango.

"Taya lilikataa kufunguka," alisema. "Nilitaka kumpitishia mpira wa hewa kooni. Nikajaribu, nikarudia, nikaona napambana na jiwe. Shingo nayo ilikuwa imekaza."

Inspekta, mwanamke mnene wa makamo aliyependa kusikiliza akiwa amesimama, alisogea karibu na karai. "Hapo ndege ilikuwa imetua muda gani?"

"Gari letu lilikuwa linamsubiri palepale uwanjani. Kufika hapa ni dakika kumi. Siku ile ndege ilitua saa saba mchana, mgonjwa akaingia kwangu saa saba na dakika kumi. Mgonjwa, wanavyomwita wao."

"Na mwili huanza kukaza lini?"

"Inategemea joto, inategemea na damu iliyobaki. Lakini afande, sijapata kuona taya likikaza namna ile kwa mtu aliyekufa nusu saa iliyopita. Ukiniambia alikufa masaa mawili kabla, nitakukatalia. Ukiniambia matatu, sitabishana nawe."

"Muuguzi aliyekuja naye anasema alikata roho wakiwa angani, wanakaribia kutua."

Daktari alifunga bomba, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nilimsikia. Ndiyo maana nikawapigia simu nyinyi."

Nje, ndani ya gari la polisi, Koplo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani. Alikuwa dereva wake, karani wake na mtu wake wa kubishana naye kwa miaka mingi. Inspekta aliingia, akafunga mlango, na badala ya kumwambia wapi waende akaanza kuhesabu kwa sauti, kama alivyozoea.

Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mpakani, mji wenye kliniki ndogo na uwanja wa ndege mdogo, basi. Mimba yake ya kwanza ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka alfajiri, damu ikawa inamwagikia tumboni. Kule hakuna daktari wa upasuaji. Barabara ilikatika tangu mvua zilipong'oa daraja. Ikaitwa ndege ya wagonjwa kutoka huku. Kutoka uwanja huu hadi ule ni kilomita mia sita kwa mstari ulionyooka, na ile ndege inakwenda mia nne kwa saa.

"Saa moja na nusu," Koplo alisema bila kuinua kichwa.

"Saa moja na nusu. Iliruka kule saa tano na nusu, ikatua hapa saa saba. Waongoza ndege wa pande zote mbili wanasema hivyo hivyo. Sasa toa masaa matatu ya daktari."

Koplo aliinua kichwa. "Tunafika saa nne. Saa nne ndege haijaruka."

"Haijaruka."

"Kwa hiyo walipakia maiti?"

"Ndiyo hapo. Na mumewe anaapa kwamba aliongea naye kwa simu akiwa ameshapakiwa."

"Basi mume anadanganya," Koplo alisema, akawasha gari kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Mimi mume simuamini. Kwenye kesi kumi, tisa ni mume."

*

Mume hakuhitaji kutafutwa. Tangu siku ile alikuwa anakuja kituoni kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la mbele, anatazama ukuta. Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mwenye mikono iliyochanika chanika na bati, na siku hizo tatu zilikuwa zimemla mashavu. Mwili wa mkewe ulikuwa bado mochwari kwa amri ya polisi, na nyumbani kwake watu walikuwa wamekaa matanga bila ya kaburi.

"Fundi, nieleze tena ile simu," Inspekta alimwambia walipoketi ndani.

"Nimeeleza mara ngapi?"

"Mara moja zaidi."

Alivuta pumzi. "Nilipiga simu ya mama mkwe. Yeye alikuwa kule naye, alikwenda kumsaidia kwa ajili ya mimba. Nikasikia ndege inaanza kunguruma. Nikasema, mama, nipe nimsemeshe. Akasema hawezi kuongea, amechoka. Nikasema mwekee tu sikioni, anisikie mimi. Akamwekea."

"Ukamwambia nini?"

"Ya kwetu." Alitazama pembeni. "Ya mume na mke. Hayo siandikishi."

"Sawa. Akajibu?"

"Hakujibu. Lakini nilimsikia anapumua, afande. Anahema kwa shida, hivi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mke wangu alipanda ile ndege yuko hai." Aliweka kiganja juu ya meza, taratibu, kana kwamba anaogopa nguvu zake mwenyewe. "Na yule muuguzi hakumfungulia hata mtungi wa oksijeni. Nyinyi wenyewe mmeukuta umejaa. Damu aliyobeba ameirudisha vilevile na pakiti zake. Alikaa anamtazama mtu anakufa. Mnangoja nini kumpeleka mahakamani?"

Hilo la mtungi lilikuwa kweli. Koplo ndiye aliyekagua vifaa: mtungi umejaa hadi juu, pakiti mbili za damu hazijatobolewa, dripu iko ndani ya nailoni yake. Kwa vitu hivyo tu muuguzi alikuwa ameshalala mahabusu siku tatu, akisubiri shitaka la kuua kwa uzembe.

"Fundi hadanganyi," Inspekta alisema mlango ulipofungwa.

"Machozi hata mamba anayo, afande."

"Hakutoa machozi. Ndiyo maana nimemuamini."

*

Muuguzi alikuwa kijana wa miaka thelathini au karibu na hapo, ametulia, ndevu zimeanza kumchipua. Walimleta chumba cha mahojiano, akakaa wima kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi.

"Alikufa lini?" Inspekta alimuuliza.

"Angani. Kabla ya kutua."

"Ulimpa oksijeni?"

"Hapana."

"Damu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Muuguzi aliteremsha macho mezani.

"Kijana, mimi nakuuliza kama mtu anayetaka kukusaidia. Umesomea kazi hii, umeifanya miaka sita, hakuna aliyewahi kukulalamikia. Mgonjwa anavuja damu mbele yako, una damu miguuni pako, na mikono unaiweka mapajani. Kwa nini?"

"Nilizembea."

Koplo aliacha kuandika, akamtazama. Watu waliozembea Koplo aliwajua: wanalaumu vifaa, wanalaumu rubani, wanamlaumu hata marehemu. Hakuwahi kumsikia mmoja akilisema lile neno kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa haraka namna ile.

Inspekta alikusanya karatasi zake kana kwamba amemaliza. Alipofika mlangoni muuguzi akamwita.

"Afande. Wameshamzika?"

"Bado. Mwili uko kwetu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Si woga uliokuja. Alionekana kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani akihesabu hatua za mwisho, halafu akaambiwa kisima kiko mlima wa pili. "Wapeni, basi," alisema. "Wapeni wazike. Mimi sikimbii popote."

Ndani ya gari Inspekta alifumba macho, akiwaza. Koplo alimwachia, akala karanga zake.

"Tumekosea safari," Inspekta alisema mwishoni.

"Tugeuze?"

"Si hiyo. Sote tunaitazama safari ya kurudi kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mgonjwa. Ndege ilitoka hapa saa ngapi kwenda kumchukua?"

Koplo alipekua daftari. "Saa mbili asubuhi."

"Ikafika kule?"

Alipekua tena, na karanga zikakoma mdomoni. "Saa tano."

"Mwalimu amekufa saa nne, au hapo karibu. Saa nne ile ndege ilitakiwa iwe imeshatua nusu saa nzima, muuguzi ameshamtundikia damu. Masaa matatu kwa njia ya saa moja na nusu, Koplo. Ilikuwa wapi?"

*

Kampuni ya ndege za wagonjwa ilikuwa na banda lake mwisho wa uwanja, banda la mabati lenye joto la tanuri. Ndege ilikuwa ndani, nyeupe, yenye injini mbili za mapanga, ndogo kuliko Inspekta alivyoitarajia. Nyuma ya viti vya mbele kulikuwa na reli za kufungia machela, kiti kimoja cha muuguzi na kingine cha ndugu. Mtu aliyekaa pale angeweza kumgusa mgonjwa bila kunyoosha mkono.

Rubani aliwapokea kwa ukarimu. Mvi zilikuwa zimemkaa vizuri, na alikuwa na sauti ya watu waliozoea kutangazia abiria habari njema.

"Kifo kibaya sana," alisema. "Na mimi nilijua yuko hai mpaka dakika ya mwisho, maana mama yake alikuwa anaongea naye njia nzima. Ukigeuka unamwona ameinama, anamsemesha. Mtu haongei na maiti, afande."

"Ulimsikia akijibu?"

"Kwa kelele za injini? Hata mama mwenyewe nilikuwa namwona midomo tu."

"Kwenda ulichukua masaa matatu."

"Upepo." Hata hakusita. "Siku ile ulikuwa upepo wa mbele, mkali, nafikiri ndio mkali kuliko wote mwaka huu. Ndege inatambaa kama kobe. Watu wa chini hawalijui hilo, wanaona mbingu nyeupe wanadhani kumetulia."

"Mimi ni mtu wa chini," Inspekta alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Upepo wa mbele unapunguza mwendo?"

"Unakula mwendo wako. Ukiwa na mia nne, upepo ukiwa mia mbili, unabaki na mia mbili."

"Kilomita mia sita kwa mia mbili, masaa matatu. Sawasawa kabisa. Na upepo wa nyuma?"

"Huo ni zawadi. Unakuongezea."

"Mia nne na mia mbili, mia sita. Kwa hiyo upepo uliokuchelewesha kwenda, wakati wa kurudi ungekuwa mgongoni, ungekuleta hapa kwa saa moja tu."

Rubani alifungua mdomo.

"Lakini ulirudi kwa saa moja na nusu," Inspekta akaendelea, "kama siku zote. Ulikaa chini kule nusu saa. Katika nusu saa hiyo upepo mkali kuliko wote wa mwaka ulikufa kabisa, hewa ikatulia kama maji ya mtungini?"

"Hutokea. Upepo hauna adabu, afande."

Koplo, ambaye alikuwa anaizunguka ndege kama mtu anayetaka kuinunua, aliita kutoka chini ya bawa. "Mkuu, njoo uone huku."

Inspekta aliinama kwa shida, mkono kiunoni. Kwenye mguu wa gurudumu la kushoto, pale chuma kinapokutana na chuma, kulikuwa na fundo la nyasi zilizokauka, zimesokotana, na udongo mwekundu umezigandisha kama saruji. Gurudumu la kulia nalo lilikuwa hivyo hivyo.

"Uwanja huu ni lami," alisema akiwa bado ameinama. "Ule wa mpakani?"

Rubani aliigusa kofia yake.

"Nao ni lami, nimeuliza. Sasa hizi nyasi umezikata wapi?"

Ile sauti ya habari njema ilikuwa imeondoka, na bila hiyo rubani alionekana mzee. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno yameandikwa huko.

"Mkurugenzi wa kampuni ndiye aliyepiga simu," alisema. "Ndege imeshawaka. Akasema kuna wageni wake wawili wapelekwe shambani kwa rafiki yake, kuna kiwanja cha majani, ni hapo kando tu, hakitakuchelewesha. Nikamwambia nina mgonjwa. Akasema mgonjwa hajaingia ndani ya ndege, kwa hiyo bado huna mgonjwa."

"Na ni hapo kando?"

"Si kando. Ni upande mwingine kabisa. Halafu tulipotua hakukuwa na gari la kuwapokea, na wale wageni wakakataa kushuka juani. Tukangoja gari."

"Muuguzi alikuwemo?"

"Alikuwemo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliwashushia mizigo yao kwa mikono yake ili tuondoke. Kila dakika chache anapiga simu kliniki, anawaambia muwekeeni hivi, muinulieni miguu, tunakuja." Rubani aliigeuza kofia mikononi. "Halafu akaacha kupiga."

"Mkiwa angani?"

"Tukiwa bado chini. Palepale shambani. Akaacha kupiga, akaenda akakaa peke yake chini ya bawa."

"Hukumuuliza kwa nini ameacha?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kujua, afande."

Inspekta akamwambia Koplo aite gari la pili na askari wawili: mmoja wa kukaa na rubani hadi atakapoandikisha maelezo, mwingine wa kwenda kumleta Mkurugenzi, akiwa mkutanoni au mezani au popote alipo.

"Na sisi?" Koplo aliuliza.

"Sisi tunakwenda msibani."

*

Nyumba ya fundi ilikuwa ya vyumba viwili, na uani kulikuwa na friji mbovu tano zimepangwa ukutani. Wanawake walijaa sebuleni, wamekaa chini, na walipomwona askari mnong'ono ukakatika. Mama wa marehemu alikuwa chumba cha ndani, kwenye kitanda cha bintiye, miguu haifiki chini. Alikuwa mwembamba mno, na nguo zake za msiba zilimzidi.

"Pole, mama," Inspekta alisema. Alikaa kwenye kigoda, akawa chini yake. "Nina swali moja. Rubani anasema ulikuwa unaongea na binti yako njia nzima. Ulikuwa unamwambia nini?"

 Mikono ya mama ilikuwa inalikunja na kulikunjua pindo la kanga.

"Nilikuwa namwambia tunapopita," alisema. "Namwambia, mwanangu, sasa tumevuka mto. Sasa tuko juu ya mawingu, yanafanana na pamba. Hajawahi kupanda ndege huyo. Alikuwa anaogopa tangu alfajiri, walipomwambia ndege inakuja. Ananishika, anasema mama, mimi ndege sipandi, itaanguka. Damu inamwisha yeye anaogopa ndege."

"Alikuwa ameshakufa," Inspekta alisema. Hakusema kama mtu anayeuliza.

"Alikufia mikononi mwangu kwenye kitanda cha kliniki. Ndege haijaja. Kila tukiuliza tunaambiwa inakuja, inakuja. Ilipokuja, yule muuguzi aliingia mbio na mfuko wake wa damu, na mimi namwona kabisa anajua, maana wameshamwambia kwa simu, lakini aliingia mbio vilevile. Akamshika hapa shingoni. Akapiga magoti sakafuni, akaniomba radhi. Mimi namwambia baba, inuka, radhi ya nini, wewe umefanya nini?"

Aliacha pindo la kanga.

"Wakasema ndege ya wagonjwa haibebi maiti. Itarudi tupu. Nizike kulekule. Mwanangu kule alikuwa na mwaka mmoja, anajulikana na watoto wa darasa lake tu. Barabara hakuna. Mume wangu alifia safarini akazikwa na watu wasiomjua, mpaka leo sijui kaburi lake liko upande gani wa njia. Nikamshika yule muuguzi mkono. Nikamwambia, mwanangu, nikopeshe uongo wako mmoja tu. Mpandishe kama anaumwa."

"Naye akakubali."

"Alisema, mama, nikisema amekufa rubani atampigia mkubwa wake, na mkubwa wake atasema muache. Basi hajafa. Akamfunika vizuri, akambeba mwenyewe upande wa kichwa. Daktari wa kliniki aligeuza uso, akatia sahihi."

Lililobaki lilikuwa gumu kuuliza kuliko yote. "Na ile simu, mama?"

Mama alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Maneno yalipotoka yalitoka kwa chini.

"Mkwe wangu alikuwa analia. Mwekee sikioni, mwekee sikioni. Rubani amegeuka ananitazama. Ningekataa vipi? Nikamwekea. Nikajua atasikia kimya, atajua. Nikainama mdomo wangu hapo hapo kwenye simu, nikahema. Nikahema kwa shida, kama alivyokuwa akihema yeye asubuhi. Nikayasikia yote. Maneno ya mume na mkewe, maneno ambayo mama mkwe hatakiwi kuyasikia hata kwa bahati mbaya. Tangu siku ile ananiandalia chai na mimi siwezi kumwangalia usoni."

Kutoka sebuleni mtu alikohoa.

"Unajua muuguzi yuko ndani?"

"Najua. Alinitumia ujumbe kabla hawajamchukua simu, nisiseme mpaka nizike. Akasema, mama, mkizika tu mimi nitaeleza kila kitu, hapo hawawezi tena kumzuia. Nami nikakubali, nikamwacha mtoto wa watu alale chini kwa ajili yangu. Kama ni kosa, la kwangu."

"Maiti mtapewa leo," Inspekta alisema. "Nitasaini kibali mwenyewe nikirudi. Lakini maelezo yako lazima niyaandike, mama, na yatasomwa mahakamani kesi ya Mkurugenzi ikianza. Yote. Na simu pia. Mkwe wako atakuwa amekaa pale. Anaweza kuyasikia kwa karani, mbele ya watu, au anaweza kuyasikia kwako."

Mama alitoa viganja usoni. Akateremka kitandani, akajitengeneza kanga.

"Niitie," alisema.

Inspekta na Koplo walisubiri uani, katikati ya friji mbovu. Dirisha lilikuwa wazi lakini sauti ya mama haikufika nje. Fundi aliingia, mlango ukafungwa. Ulipita muda. Kisha kikasikika kishindo cha kigoda kikianguka, na baada yake sauti ya mwanamume mzima akilia kwa nguvu, bila kujizuia, na sauti ya mama sasa ikisikika juu yake: "Njoo, njoo hapa, mwanangu. Njoo."

Koplo alitazama viatu vyake. "Mimi nilisema mume," alisema.

"Nilikusikia," Inspekta alijibu.

Fundi alitoka uso umevimba. Alipita mbele yao, akafungua mlango wa gari la polisi, akakaa kiti cha nyuma.

"Nipelekeni kwa yule muuguzi," alisema.

*

Kituoni Mkurugenzi alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi lilelile la mbele, shati limepigwa pasi, wakili wake ubavuni, anamuuliza askari wa zamu atakaa pale mpaka saa ngapi kwa sababu ana watu wanamsubiri. Fundi alipita karibu naye goti kwa goti. Hakumjua, na Inspekta hakumwambia. Siku ya kujuana ilikuwa inakuja.

Muuguzi aliposikia hatua alisimama katikati ya chumba cha mahabusu. Alimwona ni nani, akashusha mikono, kama mtu aliyekubali kupigwa.

Fundi alisimama upande wa pili wa nondo. "Ulikuwepo alipokufa?"

"Hapana. Nilikuwa shambani kwa watu."

"Kama mngekwenda moja kwa moja, angepona?"

Inspekta alitamani asingeuliza hilo. Muuguzi angeweza kusema sijui, na lisingekuwa kosa.

"Nilikuwa na damu ya kumfikisha," alisema. "Ndiyo. Nafikiri angepona."

Fundi alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. Alibaki amezishika zile nondo mpaka Inspekta akamgusa begani, akamrudisha kaunta.

"Ataachiwa?" fundi aliuliza.

"La kuua limekwisha. Amebaki na la kudanganya polisi, na hilo siwezi kulifuta. Lakini dhamana anastahili. Ndugu zake wako mbali, tunatafuta mtu wa kumdhamini."

"Mtu wa namna gani?"

"Mwenye makazi hapa, na kitambulisho."

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya kaunta. Koplo alikitazama, akamtazama mwenye nacho, kisha akamtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameshageuka, anamfungulia Mkurugenzi mlango wa chumba cha mahojiano, lakini aliyasikia yote yaliyofuata.

Koplo alivuta fomu, akaandika jina, akaandika makazi. Kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano wako na mshitakiwa," alisema kwa upole. "Niandike nini? Hamna uhusiano?"

"Upo," fundi alisema. "Andika ndiye aliyemleta mke wangu nyumbani."